Gia ya Kafara

Jumatano, 4 Juni

Ushindi! Mota mpya imefika. Ina nguvu mara mbili ya ile ya kiwandani, na ni nyekundu. Nimeiweka juu ya meza ya chumba cha nyuma, mahali pa heshima, kati ya historia ya mapinduzi (juzuu tatu) na kopo la skrubu.

Kwa faida ya watakaoandika habari zangu: mimi ni mjalidi wa vitabu katika maktaba ya mji, umri miaka hamsini na miwili, mmiliki wa Jemedari. Jemedari ni kigari cha rimoti cha kupanda mawe, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Jumapili ya tarehe kumi na tano klabu yetu ina mashindano. Mageti kumi juu ya mawe, robo saa kwa kila mtu. Kila mwaka nakwama. Mwaka huu sikwami.

Siwezi kukwama. Mke wangu anafuma masweta ya shule, na mashine yake ya kufumia imekaa koridoni, ambako kila apitaye huigonga kwa nyonga. Anakitaka chumba cha nyuma. Mimi nakitaka chumba cha nyuma, maana ndimo ninamofikiri. Tumebishana tangu Januari. Leo asubuhi amesema amechoka, tuweke dau. Jemedari akipita mageti yote kumi, chumba ni changu na hatakitaja tena. Asipopita, Jumatatu yake mashine inaingia na mimi natoka. Nimempa mkono papo hapo. Maskini. Hajaiona mota.

Jaribio la kwanza, ngazi za uani. Sekunde arobaini za utukufu! Kisha mlio wa mtu anayetafuna kokoto. Kisha mota inaimba peke yake na magurudumu yamelala.

Nimefungua giaboksi. Ile gia kubwa ya plastiki, inayopokea nguvu ya mota, imebaki duara tupu. Haina jino hata moja.

Alhamisi, 5 Juni

Shemeji amekuja bila kualikwa. Ni kaka wa mke wangu, fundi wa meno bandia, na mpinzani wangu mkuu klabuni. Tulinunua vigari vyetu siku moja, duka moja, aina moja. Chake anakiita Kibibi, na hajakibadilisha kitu tangu siku hiyo. Hana maono.

Akaishika gia yangu kwa kibano, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatangaza kuwa mgonjwa amepoteza ya juu na ya chini, na kwamba angeletwa mapema angetengenezewa seti. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu ushauri, ambao sikuuomba. Eti nirudishe ya plastiki. Eti imewekwa pale makusudi: mawe yakibana, gia hiyo ife kwanza, ili shafti, difu inayogawa nguvu kwa magurudumu, na ekseli zipone. Yeye hutembea na tatu mfukoni. Moja ikifa anaweka nyingine, dakika tatu, anaendelea na safari.

Nilisimama. Hiyo ndiyo falsafa ya kila dhalimu niliyewahi kumsoma! Mnyonge awekwe mstari wa mbele, afe kwa niaba ya wakubwa, kisha atafutwe mnyonge mwingine! Nilimwambia hivyo usoni. Nilitaja himaya nne na tarehe za kuanguka kwake. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza kama kuna chai.

Nimeapa. Ndani ya Jemedari hakutakuwa na kafara. Chuma kwa wote!

Ijumaa, 6 Juni

Gia ya chuma imeingia. Nzito, baridi, nzuri. Muuza vipuri alinielekeza namna ya kuifunga: weka ukanda wa karatasi nyembamba kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, kaza skrubu, kisha vuta karatasi itoke. Itabaki nafasi kidogo ili meno yapumue.

Mjalidi mwenye miaka thelathini kazini anafundishwa karatasi! Isitoshe, gia hazipumui. Nafasi ni uzembe uliopewa jina zuri. Nimezibana meno kwa meno. Hata mwanga haupiti.

Halafu akanipa kitubu cha grisi. Nimekirudisha. Msimamo wangu juu ya grisi unajulikana: ni rushwa. Gia yenye kujiheshimu inafanya kazi yake bila kupakwa chochote.

Jaribio la pili, ngazi zile zile. Gia imesimama imara! Haikulegea hata unywele! Shafti ya plastiki iliyo mbele yake imejisokota kama nguo inayokamuliwa.

Jumamosi, 7 Juni

Shafti ya chuma. Jaribio la tatu. Shafti salama. Difu ya mbele imepasuka.

Difu ya chuma. Jaribio la nne. Difu salama. Ekseli ya kushoto imekatika, gurudumu limebingirika hadi kwa jirani, na jirani amelirudisha akiuliza kama nina mtoto mdogo.

Naanza kuuona mpango wao. Udhaifu ukifukuzwa mahali hapa unahamia mahali pengine. Basi nitaufukuza mpaka ukose pa kwenda.

Muuza vipuri sasa huniona kwa mbali na kusimama. Leo amenipangusia kiti. Ameniuliza hali ya mke wangu, ya masweta, ya mgongo wangu. Nimetoka na ekseli nne za chuma na vipande vya shaba vya kufunga ndani ya rimu ili Jemedari akae chini kwa uzito. Mtu mwenye uelewa mpana sana yule.

Jioni nimemwandikia Mwenyekiti wa klabu. Ni nesi mstaafu, mwanamke wa filimbi shingoni na maneno machache. Barua ya kurasa sita: "Juu ya Dhana ya Kafara katika Giaboksi, na Wajibu wa Klabu." Nimedai gia za plastiki zipigwe marufuku kwa misingi ya utu. Nimeipeleka mwenyewe mlangoni kwake. Alisoma akiwa amesimama, akaomba kalamu, akaandika chini ya ukurasa wa sita na kunirudishia.

Ameandika: "Paka grisi."

Jumatatu, 9 Juni

Maafa kazini, ila si kosa langu.

Beringi mpya zimekataa kuingia kwenye ekseli za chuma kwa mkono. Zilihitaji kukandamizwa taratibu, kwa nguvu sawa pande zote. Na ni chombo gani katika mji huu hukandamiza taratibu, kwa nguvu sawa pande zote? Ile mashine ya chuma ya kubania vitabu, iliyo chini ya usimamizi wangu! Nilishangaa kwamba hakuna aliyewahi kuwaza hili.

Saa nne asubuhi, ukumbi wa kusomea umejaa na kimya. Nikapanga ekseli kati ya mbao mbili, nikazungusha usukani. Beringi ya kwanza iliingia kama siagi. Ya pili ilisita. Nikazungusha tena. Ikasita. Nikazungusha kwa hoja.

Ililipuka. Vigololi vyake, vidogo kama punje za mtama, vilitawanyika kwenye sakafu ya vigae kwa mlio ambao sikujua kwamba chuma kidogo vile kinaweza kuutoa. Vilipita chini ya meza zote. Wasomaji waliinua miguu kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi. Mkuu wa maktaba alitoka ofisini kwake akakanyaga vitatu, akasafiri hadi rafu ya jiografia bila kuinua unyayo.

Aliniuliza kwa sauti ya chini sana vile ni vitu gani. Nikamjibu kwamba ni sehemu za ndani za jalada. Kisha akaniambia nipige magoti nikusanye kila sehemu ya ndani ya jalada, na kesho nieleze kwa maandishi.

Nimekusanya vigololi kumi na moja. Wakati nikiwa chini ya meza ya magazeti, mzee mmoja msomaji alininong'oneza kuwa huu ulikuwa mwanzo mzuri wa wiki kuliko yote anayoikumbuka. Nilimshukuru. Wananchi wako nami.

Jumanne, 10 Juni

Maelezo kwa Mkuu wa maktaba: kurasa tisa. Ameomba muhtasari.

Jumatano, 11 Juni

Ujanja wa hali ya juu leo. Naandika huku nikisugua viganja.

Nimemtembelea Shemeji kazini. Chumba kimejaa taya za plasta, zimepangwa rafu juu ya rafu, zote zikinicheka. Kibibi alikuwa mezani, kifuniko wazi. Mota ya kiwandani! Gia ya plastiki, imepakwa grisi ikang'aa kama mdomo wa bwana harusi! Na pembeni, chupa yenye gia zilizokufa, ishirini au zaidi. Nilivua kofia mbele ya chupa ile. Shemeji aliuliza kama nasikia joto.

Basi nikamkabidhi zawadi. Mota nyekundu, pacha wa ile ya Jemedari. Nikasema ni ya undugu, ni ya kumheshimu dada yake, tusiendelee kuwekeana kinyongo. Hesabu ni rahisi: akiifunga, plastiki yake haitafika geti la pili.

Aliipokea kwa mikono miwili. Alisema hakujua kuwa nina moyo kiasi hiki. Macho yake yalilowa kidogo. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona ya barabara.

Nyumbani nimeweka silaha ya mwisho: gia za difu za kuyafanya magurudumu ya mbele yazunguke haraka kuliko ya nyuma, ili mbele ivute. Shemeji alipoona boksi lake nikiwa bado kule kazini kwake alionya kwamba kwenye mawe makavu mbele na nyuma zitagombana, na ugomvi wao utalipwa na meno ya gia. Nimemjibu kuwa mgongano wa pande mbili ndio unaosukuma historia. Akasema historia haipandi mawe.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu ameniita koridoni kwa sauti tulivu. Ile tulivu.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi wakati nafanya mazoezi na Jemedari juu ya mbao. Kumbe gia zangu zinatoa unga. Unga laini, wa kijivu, unaoelea. Umetua juu ya marobota sita ya sufu nyeupe za masweta ya shule ya wasichana.

Nilieleza kwamba gia mpya zinazoeana, kwamba unga ni kama jasho la kazi. Akauliza iwapo jasho hilo litaisha kabla ya gia kuisha. Swali la mtu asiyesoma ufundi. Nikapendekeza shule ibadilishe rangi ya sweta iwe kijivu, nikajitolea kuiandikia barua. Akaniambia nikiandika barua yoyote nyingine ndani ya wiki hii atanifuma mdomo.

Nimefua sufu mpaka saa moja jioni. Imekuwa nyeupe tena, karibu. Alipita, akatazama ndoo, akatazama mikono yangu, akaniletea kahawa na kukaa karibu nami kwenye ngazi. Tulicheka kuhusu Mkuu wa maktaba na rafu ya jiografia. Nilimwonyesha alivyosafiri. Akataka nimwonyeshe tena. Mwanamke mzuri sana. Itaniuma kumshinda.

Jumamosi, 14 Juni

Jemedari yuko tayari. Hana plastiki isipokuwa kofia, lile ganda lake la juu. Nimempima kwenye mizani ya jikoni, mizani imeandika neno "kosa".

Mlio wake umebadilika, naona. Zamani alinguruma. Sasa anafanya kama mtu anayepiga mswaki. Huo ni utulivu wa chuma kilichokomaa.

Jumapili, 15 Juni

Naandika hii nikiwa na damu bado moto.

Uwanja wetu uko nyuma ya kiwanda cha vigae, penye lundo la mawe yaliyokataliwa. Jua kali, watu thelathini, wengine na viti vyao. Mke wangu alikuja na mkebe wa futi ya kupimia. Nilimuuliza ya nini. Akasema ni ya chumba.

Shemeji alitangulia. Nilisubiri mota nyekundu imalize kazi yake. Kibibi alipanda polepole kama bibi anayeenda kusali. Geti la nne, gia ikafa. Niliruka! Kanuni zinaruhusu tengenezo moja, saa ikiendelea. Shemeji akatoa kibano, akatoa gia mfukoni, dakika tatu, Kibibi huyoo. Mageti yote kumi, akabakiza dakika moja. Nilimwendea kumpongeza na kuulizia mota, inaendeleaje na nguvu zote zile. Akanikumbatia. Alisema ameifunga kwenye mashine ya kung'arishia meno, na hajawahi kuona kitu kama kile, wateja wanajiona usoni kwenye magego yao.

Zamu yangu.

Geti la kwanza hadi la sita: Jemedari hakupanda mawe, aliyaamrisha. Jiwe moja lilisogea lenyewe. Geti la saba ni ukuta wa jiwe uliosimama wima, na hakuna mtu katika klabu hii aliyewahi kuupita bila kuzunguka. Jemedari hakuzunguka. Aliweka magurudumu ya mbele, akatulia, akapanda. Wima! Cheche zilitoka chini yake mchana kweupe! Watu walisimama kwenye viti. Mwenyekiti alipuliza filimbi bila sababu. Mke wangu, mke wangu mwenyewe, alipiga kelele "Twende!" kisha akaziba mdomo kwa futi.

La nane. La tisa. Na hapo mlio wa mswaki ukakoma.

Alikuwa mbele ya geti la kumi, shubiri mbili tu. Mota inaimba vizuri. Magurudumu kimya. Nikamleta meza ya matengenezo, nikafungua. Hakuna kilichovunjika! Naandika tena kwa herufi zilizo wazi: hakuna kilichovunjika! Kila gia nzima, kila shafti imenyooka. Isipokuwa zimesuguana siku kumi hadi meno yamebaki kama mawimbi ya mchanga. Zinatazamana tu. Hazifikiani.

Saa ilionyesha zimebaki dakika tano. Gia ya chuma ya akiba sina, maana chuma hakihitaji akiba.

Ndipo mkono ukanijia kando, na kibano, na kwenye ncha ya kibano gia ndogo nyeupe ya plastiki. Shemeji. Alisema tulinunua vigari aina moja, itaingia bila tabu, shubiri mbili inazimudu hata kwa mota ile. Mwenyewe atanishikia skrubu. Alisema kwa upole kabisa: chukua, shemeji, dada yangu nitamtuliza mimi.

Dakika tatu za kufunga. Dakika tano mkononi. Chumba changu, meza yangu, juzuu zangu tatu, vyote vilikuwa pale kwenye ncha ya kibano.

Niliitazama ile gia. Ndogo. Nyeupe. Haijui inakopelekwa.

Nilisema hapana. Na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza, na kuwa nafasi kama hiyo haiji mara mbili, nilieleza kwa nini. Nilianza na watumwa wa machimbo. Nikapitia wapiga makasia, wapagazi, askari wa mstari wa mbele. Nilikuwa nimefika kwa wafanyakazi wa reli, na sauti yangu haijawahi kuwa nzuri vile, makofi yalipolipuka. Niliinama kuyapokea. Ndipo filimbi ya Mwenyekiti ya mwisho wa muda ikalia, na nilipogeuka nikaona makofi ni ya kofia ya Jemedari, ambayo upepo uliipeperusha ikapita geti la kumi peke yake.

Nilikata rufaa. Nilidai kofia ni sehemu ya kigari. Mwenyekiti alinipima joto la paji la uso kwa kiganja.

Mke wangu alikuja akanishika mkono. Alisema hotuba ilikuwa nzuri, hasa ya wapiga makasia. Kisha akaniomba nimshikie ncha moja ya futi tukifika nyumbani.

Jumanne, 17 Juni

Chumba kimehama. Mashine ya kufumia imekaa dirishani na inaenda kwa sauti kama mvua nyepesi, na mke wangu anaimba ndani. Sikuwa nimemsikia akiimba mwaka huu. Mimi niko koridoni. Watu wote wa nyumba hii wana nyonga pana kuliko nilivyodhani.

Lakini ngoja. Jana jioni wamekuja wanachama wanne, mmoja baada ya mwingine. Wote wanataka ukuta wa geti la saba. Wote wanataka cheche. Mwenyekiti mwenyewe amesimama mlangoni, akatazama huku na huku, akanong'ona kuwa anahitaji ekseli za chuma, na grisi atajipakia mwenyewe. Vuguvugu limeanza!

Nimelichambua suala la Jumapili kwa kina, bila kujionea huruma. Kosa nimelipata. Chuma kilikuwa laini. Nimeagiza gia za chuma kigumu zaidi, na kwa kuwa gia ngumu zitaipuuza mota hii, nimeagiza mota yenye nguvu mara tatu. Ni ya dhahabu.

Inabaki suala la mahali pa kufanyia kazi. Leo wakati wa chakula nimemwekea mke wangu dau jipya. Klabu ina mashindano mengine Agosti. Jemedari akipita mageti yote kumi, chumba kinarudi kwangu. Asipopita, natoa upande wangu wa kitanda, ule wa dirishani, pamoja na mto mkubwa.

Amenipa mkono kabla sijamaliza sentensi. Ni dalili ya woga.